Kabla hujachagua programu ya tovuti ya ukoo, mpe simu shangazi

Nyanya alipofariki mwaka 2012, kasha lake lilifunguliwa ukumbini, Kibokoni, Mombasa, mbele ya watu wote. Ndani mlikuwa na doti mbili za leso zisizokatwa wala kupindwa, bahasha tatu za picha, na kitita cha barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Suala la leso lilimalizwa jioni ile ile. La picha na barua tunalo mpaka leo.

Ukoo wetu umetawanyika: Likoni, Lamu, Unguja, Muscat, na binamu mmoja yuko Toronto anakolalamikia baridi. Kila mtu alitaka nakala. Mimi nilikuwa nimepewa cheo cha "kijana wa kompyuta" kwa sababu niliwahi kuirekebisha printa ya msikiti (ilikuwa haijachomekwa vizuri), basi nikaambiwa nitengeneze tovuti, kila mmoja aingie ajionee. Tangu hapo nimehama programu mara mbili, na kila kuhama kumeniondolea kitu. Watu huniuliza wachukue ipi. Naanza na nilivyokosea.

Mwaka 2013 nilichukua huduma moja ya bure ya kujengea tovuti. Jina nitalificha. Ilikuwa rahisi kupita kiasi: unavuta picha, unaiachia, adhana ya alasiri ikikukuta umeshamaliza. Nilipandisha picha mia na arobaini. Maelezo yake yalitoka kwa dada yake nyanya, aliyekuwa bado hai: alikaa kitini na kikombe chake cha kahawa, mimi naonyesha picha, yeye anataja watu mmoja mmoja, nani mtoto wa nani, na nani alinuniana na nani siku ile. Niliyaandika yote moja kwa moja ndani ya tovuti, na hapo ndipo nilipojiponza. Sikuweka nakala pengine popote.

Baada ya miaka miwili ikaja baruapepe: huduma inafungwa, kila mwenye mali aitoe. Nikaibonyeza hiyo "pakua vyote" nikapata faili lililobanwa, na ndani yake picha zenye majina ya namba tupu. Maelezo hayakuwemo hata neno moja. Yalikuwa kwenye hifadhidata yao, yaani ghala la data ndani ya kompyuta zao, na hifadhidata yao haikuwa na mlango wa kutokea upande wangu. Bibi aliyenitajia yale majina alikuwa ameshazikwa.

Usiseme hayo ni ya kampuni ndogo ndogo. Yahoo ilizima GeoCities, huduma yake ya kurasa za bure, mwaka 2009, na mamilioni ya kurasa za watu binafsi zikaenda nayo. Posterous, huduma ya blogu, ilifungwa mwaka 2013, miezi ile ile mimi nasifia huduma yangu mpya. Picha ya ukoo isiyo na majina ni picha ya watu usiowajua. Tulikuwa na moja ya wanaume saba wa kanzu na kofia mbele ya mlango wa nakshi, Mji wa Kale. Sita tuliwatambua. Wa tatu kutoka kushoto tulibishana juu yake wiki mbili kwenye kundi la WhatsApp, mwisho tukapiga kura, kana kwamba nasaba ni uchaguzi mdogo wa wadi. Akashinda kuwa ami mkubwa, yule aliyehamia Muscat.

Basi programu yoyote utakayopendezwa nayo, anzia mwisho. Tia vitu kumi: picha, maelezo, hadithi moja fupi. Halafu vitoe vyote, uvirudishe kwenye kompyuta yako mwenyewe bila intaneti, uone kilichosalia. Kazi ya mchana mmoja tu. Ningeifanya mwaka 2013, nisingekuwa na la kuandika leo.

Nilipoungua hivyo, nikakimbilia upande wa pili kabisa. Nilisoma miezi minne. Nililinganisha kila kitu na kila kitu, nikachora majedwali, tovuti yenyewe haina hata ukurasa. Shangazi wa Likoni aliniuliza nimefika wapi, nikamwonyesha jedwali. Akacheka, akasema, "Mchagua jembe si mkulima, baba."

Nilichokuja kuchagua kilikuwa Hugo. Ni katika zile programu zinazotengeneza kurasa mapema, kama Jekyll ya mwaka 2008. Hugo yenyewe imeanza 2013. Hakuna hifadhidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi matupu kwenye folda yako, unaandika, programu inazibadilisha kurasa zote mara moja, unazipeleka kwenye seva, ile kompyuta inayoziweka wazi kwenye intaneti, basi. Nasema kwa moyo mweupe: nilipenda. Ukurasa unafunguka haraka hata kwa mtu aliyebakiwa na bando la kubahatisha, na mdukuzi hana mlango wa kuingilia wa kuugonga. Mali yote iko kwenye folda moja, unaitia kwenye flashi unaiweka mfukoni. Kama unaandika peke yako, na mstari wa amri, yaani kuiamuru kompyuta kwa kuandika, haukutishi, acha kusoma hapa, nenda na Hugo.

Lakini mimi sikuwa naandika peke yangu, ndivyo nilivyosahau. Shangazi hajui Markdown, zile alama za kupangia maandishi ambazo Hugo huzisoma, na hana sababu ya kuijua. Alikuwa akinitumia sauti kwa WhatsApp, dakika tisa tisa, nyuma mnasikika honi za matatu na kuku, mimi nakaa nazo usiku nazigeuza maandishi. Kisha kazini Kilindini nikapangiwa zamu za usiku. Tovuti ikanyamaza miezi kumi na minne. Haikuharibika chochote, ilikuwa nzima na safi na ya haraka, na haina jipya. Sauti ishirini na kitu zilikuwa zinangoja ndani ya simu, na simu yenyewe nusura itumbukie majini kwenye feri.

Kwa hiyo mwisho wa 2019 nikahamia WordPress, programu ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiibeza kwa kuwa kila mtu anayo. Kumbe hilo la kila mtu kuwa nayo ndilo nililolihitaji. Ilianza mwaka 2003, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Maana yake kwangu ni kwamba nikifa, na kufa kupo, binamu zangu hawatakosa fundi hapa mjini wa kuishika. Ina programu yake ya simu pia: shangazi anapiga picha, anaandika chini yake, anabonyeza, imekwenda.

Jihadhari na jambo moja linalowachanganya wengi. Kuna WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni: unapanga kwao, kwa kanuni zao. Na kuna programu yenyewe, ya bure, inayopatikana WordPress.org, unayoiweka kwenye seva uliyokodi mwenyewe. Ukimsikia mtu anaisifu au anaitukana WordPress, muulize kwanza ni ipi. Na maelekezo yaliyoandikwa kabla ya Desemba 2018 yatakuonyesha sura ya kuandikia iliyo tofauti na utakayoikuta, kwa sababu toleo la 5.0 liliibadilisha, usidhani umekosea.

Joomla, programu nyingine ya kujengea tovuti, sijaitumia vya kutosha kuisema. Drupal, nayo ya aina hiyo, nimewahi kuigusa kazini, ina nguvu za ajabu, lakini kwa picha za harusi ni kukodi meli ya mizigo kuvuka Likoni. Wenye tovuti za Drupal 7 waliotaka kupanda hadi 8 walijikuta wanajenga upya karibu nyumba nzima, na Drupal 7 iliachwa bila matunzo Januari 2025. Ukoo hauna fundi wa kufanya hivyo. Blogger, huduma ya blogu ambayo iko chini ya Google tangu 2003, inamtosha mtu mwenye hadithi zake tu.

WordPress nayo ina gharama yake. Mwaka wa kwanza nilipachika plagini ishirini na tatu, vile viprogramu vya kuiongezea WordPress kazi. Ya kuonyesha theluji. Theluji, Mombasa! Moja katika hizo ilikuwa imetelekezwa na aliyeitengeneza, mimi sikutazama, na asubuhi moja binamu wa Toronto akapiga simu kuuliza kwa nini picha ya arusi ya mamaake inampeleka kwenye kamari. Siku tatu nilikuwa nafagia. Sasa nina plagini tano, na kabla ya kuongeza ya sita natazama ilisasishwa lini mara ya mwisho. Ikiwa imepita mwaka, naiacha.

Picha nazo hula nafasi kuliko unavyofikiri. Kila moja unayoipandisha, WordPress huitengenezea nakala kadhaa za vipimo mbalimbali, na tangu toleo la 5.3 picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa huku ya asili ikibaki pale pale kwenye seva. Video usiziweke humo kabisa.

Halafu kuna zile barua za nyanya. Mwaka 2021 nilihamisha tovuti kutoka seva moja hadi nyingine, nikafungua ukurasa wa barua ya kwanza, na badala ya Kiswahili cha hati za Kiarabu nikakuta safu ya alama za kuuliza. ???? ?? ?????. Ukurasa mzima. Kosa lilikuwa langu: nilipoitoa hifadhidata nilichagua mpangilio wa herufi wa latin1, usiozijua herufi za Kiarabu, na kila herufi isiyojulikana ikageuzwa alama ya kuuliza. Ikishahifadhiwa hivyo imekwisha, huwezi kuifufua, kwa sababu alama ya kuuliza haikumbuki ilikuwa "ba" au "cha". Nilinusurika kwa kuwa seva ya zamani ilikuwa bado haijazimwa. Mpangilio unaotakiwa ni utf8mb4, nao ndio WordPress inaoupendelea tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015. Ukiwa na kitu chochote cha hati za Kiarabu nyumbani, na pwani hii nani hana, andika mstari mmoja wake siku ya kwanza kabisa ya majaribio, uuhamishe, uutazame.

Na bakapu, yaani nakala ya akiba. Ndani ya WordPress kuna kitufe cha kutoa yaliyomo, kinakupa faili la XML. Watu hulihifadhi hilo wakalala usingizi. Faili lile lina maandishi, maoni, na anwani za picha. Picha zenyewe hazimo. Ziko kwenye folda ya uploads, zimepangwa kwa mwaka na mwezi, na ni lazima uzichukue mbali, pamoja na hifadhidata. Mimi hufanya hivyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi: nakala moja inabaki kwangu, nyingine inakwenda na flashi kwa mjomba, Tudor.

Shajara ya nasaba, yaani mti wa ukoo, usiilazimishe ndani ya WordPress. Nilijaribu kuichora kwa mkono, tukafika kwa babu aliyeoa wake watatu, mchoro ukawa kama nyavu ya juya. Kwa kazi hiyo nimeweka webtrees, nayo ya bure, kwenye seva ile ile. Inahifadhi kwa mfumo wa GEDCOM ambao programu nyingi za nasaba huusoma, kwa hiyo mlango wa kutokea upo. Tena walio hai huwaficha wageni na kuwaonyesha wanachama peke yao. Uzuri wa hilo niliujua baada ya mama mdogo kuona umri wake umeanikwa kwenye mchoro wangu wa zamani. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, lakini aliyenikamata mimi ni mama mdogo. Ukimwingiza mtu bila tarehe ya kufa, programu humhesabu yu hai mpaka itimie miaka 120 tangu azaliwe. Weka alama ya kufariki hata kama siku yenyewe haijulikani.

Jina la tovuti lisajili kwa jina lako na baruapepe yako. Ya .me.ke ni kwa watu binafsi, na .co.ke ni kwa biashara. Zote ziko chini ya KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, na unazinunua kwa mawakala. Jirani yetu alimwachia fundi amsajilie. Fundi akapata kazi Ghuba, akaenda zake, na vikumbusho vya kulipia vikawa vinamfuata yeye huko. Na ukilinganisha bei, tazama ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza ni chambo.

Sasa hilo la shangazi. Ukishabakiwa na programu mbili au tatu, usisome zaidi. Nenda kwa mtu wa ukoo aliye mbali kabisa na mambo haya lakini ana habari nyingi, mpe simu yake mwenyewe, si yako, mwambie atie picha moja na maelezo yake. Wewe nyamaza. Hesabu mara atakazouliza "sasa hapa nifinye wapi?" Shangazi wa Likoni aliuliza mara saba kwa programu moja niliyoipenda mimi, na mara mbili kwa WordPress. Ya pili alikuwa anauliza chai.

Miaka ile ya kura alikuwa na simu ya mulika mwizi, hakuwemo kwenye kundi. Wanawe walikuja kumnunulia nyingine baadaye, na mwezi uliopita, akiwa kwenye foleni ya feri, alifungua tovuti, akaifikia picha ya wanaume saba, akaingia mwenyewe kuhariri. Nilipoamka nikakuta maelezo yamebadilishwa: "Wa tatu si ami yenu. Huyo ni muuza kahawa alokuwa apita, akavutwa asimame kwa kuwa mpiga picha alitaka wawe saba."