Kabla hujakopa hela ya skana ya meno, soma yaliyonikuta mimi

Juzi usiku nimepata meseji kutoka kwa daktari wa meno kijana, ana kakliniki kake ka kiti kimoja: "Shikamoo dada dokta, benki wamenikubalia mkopo wa kununua skana ya mdomoni, ile kamera ya kupima meno, nichukue au nisichukue?" Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona maneno yanazidi, na najua hauko peke yako. Sisi sote wenye vikliniki vyetu tunataka kitu kimoja, mgonjwa akae kwenye kiti chetu apate jino la maana bila kufunga safari kwenda Nairobi.

Mimi niko Arusha. Zamani nikichonga jino la kuwekea kraun, yaani kofia ya jino, nilikuwa napima kwa silikoni, tope laini linalogandia kwenye meno na kuchukua umbo lake, nafunga kwenye boksi, napeleka stendi, linapanda basi mpaka Dar kwa fundi anayetengeneza meno. Hapo ni zaidi ya kilomita 600. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ndo usiseme, alijineti, tope jingine la kupimia, haisubiri, ikikaa inapoteza maji na kusinyaa, kwa hiyo lazima umwage plasta ya kutengenezea sanamu ya meno hapo hapo, na plasta yenyewe nimeshaipokea Dar imevunjika vipande viwili, mgonjwa anarudi tunaanza upya. Kuna mama mmoja kila nikimwekea trei ya kupimia mdomoni alikuwa anatapika, mara ya tatu akainuka akaniambia dokta basi, nitakaa na pengo langu. Hakurudi. Ile iliniuma sana na ndo siku nilianza kuulizia bei za skana.

2021 nikakopa. Shilingi milioni 40 na ushee, na nyumba ikawa dhamana. Aliyeniuzia alikuja akanifundisha masaa mawili kwenye meno ya plastiki, tukapiga picha, akaondoka. Meno ya plastiki hayana mate, hayana ulimi, hayatoi damu! Mimi nikaona nimeshaiva.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa kraun alikuwa mzee mstaafu, gego la chini. Nikaskani, picha ikatokea ya rangi, nzuri, nikamgeuzia skrini aone, nikatuma. Jioni fundi akanipigia, "Dokta, hapa upande wa ulimi sioni ukingo, pale ulipoishia kuchonga, pana kama ukungu." Sasa hapa nakiri kitu ambacho sijawahi kukisema: niliona aibu. Fundi wa miaka mingi ananiambia sioni, na mimi nimeshatangazia watu nina mashine mpya. Nikamwambia tengeneza tu hivyo hivyo. Kraun ikaja, haikukaa. Nikaskani tena, nyingine ikaja, haikukaa. Zote nimelipa mimi. Yule mzee alinivumilia, ila siku ya tatu akaniambia kwa upole kabisa, "Binti yangu, yale matope yenu ya zamani yalikuwa yanakaa."

Nilienda nyumbani sikula.

Tatizo halikuwa mashine, tatizo lilikuwa damu. Nilikuwa nachonga ukingo chini ya fizi, fizi inavuja kidogo, naharakisha kuskani kabla mgonjwa hajachoka. Skana ni kamera, inapiga picha nyingi mfululizo huku unaitembeza halafu programu inaziunganisha, kwa hiyo kama wewe kwa macho yako huoni ukingo nayo haiuoni, itachora damu na mate kana kwamba ni jino. Silikoni angalau ikiwa laini inasukumwa inaingia pale kwenye fizi. Kamera haisukumi kitu. Ndo nikarudi kwenye vitu tulivyofundishwa Muhimbili na nikavidharau nilipopata kliniki yangu: uzi wa kusukuma fizi, unauweka, unasubiri dakika kadhaa kweli kweli, unautoa taratibu, unakausha, ndo unaskani. Na kama fizi imevimba usiskani siku hiyo, weka kraun ya muda, mwambie arudi fizi ikipona.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa mazoezi tu. Namskani nesi wangu, namskani mdogo wangu wa kiume, kila jioni. Anza juu ya magego, halafu geuka upande wa ulimi, malizia upande wa shavu, usirukeruke, ukirukaruka picha zinaunganishwa vibaya, na kosa dogo la nyuma ukifika gego la upande wa pili limeshakuwa kubwa. Ndo maana mpaka leo mtu asiye na jino hata moja nampima kwa trei, fizi tupu zenye mate, zinazocheza, sizipeleki kwenye skana.

Halafu kuna ya leseni ya programu ya skana, hii bado ina kidonda. Mwaka ulipoisha nikawasha asubuhi programu ikajifunga, nadaiwa ada ya mwaka, mgonjwa yuko kwenye kiti na ganzi imeshaingia. Hakuna aliyeniambia. Sio mashine zote ziko hivyo, zipo usizolipia chochote kila mwaka, lakini uliza, na jibu liandikwe kwenye karatasi. Uliza na vile vichwa vya mbele vinavyoingia mdomoni vinaweza kuchemshwa kwenye mashine ya mvuke mara ngapi kabla ya kutupwa, maana navyo ni hela. Na laptop yenye nguvu. Na UPS, ile betri ya akiba, umeme ukikatika katikati ya kuskani utanikumbuka.

Kuna mkubwa wetu mmoja alisimama mbele ya wenzangu akasema hizi skana ni fasheni ya vijana wasiotaka kushika plasta. Sikumjibu siku ile. Leo namjibu kwa heshima: mgonjwa wa kwanza kutengenezewa jino kwa mfumo wa CEREC, wa kupiga picha jino na kulichonga kwa kompyuta, alitibiwa Zurich mwaka 1985. Hii si fasheni, ni sisi tumechelewa.

Sasa ya wiki iliyopita. Kijana wa Ngarenanyuki, huku kwetu Meru, mnajua maji ya chemchemi za kule yalivyo na floraidi, yanazidi mno kile kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani (WHO). Meno yakishaharibika yakiwa bado yanajengeka utotoni hakuna mswaki utakaotoa ule ukahawia. Kila akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Anataka kuoa. Nikaskani kabla sijagusa jino hata moja, fundi Dar akachora meno sita ya mbele jioni ile ile, tukayajaribisha mdomoni kwa plastiki, kijana akajiona kwanza, akasema yafupishe kidogo. Ndo nikachonga. Na safari hii mimi ndo nilimpigia fundi, nikamwambia meno yatakayofunikwa na vinia, vile vigamba vyembamba vya kubandika mbele ya jino, ni meusi, ukiweka nyembamba sana rangi itapenya, na picha za rangi nilipiga mwanzoni kabisa meno yakiwa bado na unyevu, maana yakikauka yanaonekana meupe kuliko yalivyo, na rangi sikuiachia skana.

Vinia sita zikaingia bila kusaga chochote. Kijana akampigia dada yake simu ya video hapo hapo kwenye kiti, anacheka, mikono yote iko chini.

Kwa hiyo mdogo wangu, usikimbilie kusaini. Kwanza mpigie fundi wako, sio muuzaji, FUNDI, muulize anapokea mafaili ya mashine gani na umtumie vipimo vyako vya silikoni akwambie ukweli kuhusu kingo zako. Jizoeze kukausha. Jizoeze uzi wa fizi. Nasema tena, jizoeze kukausha, maana deni la benki haliponyi mkono mchafu na mgonjwa hajali umenunua nini, anajali jino linakaa. Fundi akikwambia haoni ukingo vizuri, msikilize siku hiyo hiyo, usifanye nilichofanya mimi kwa yule mzee. (Kraun yake ya mwisho ilikaa, na anakuja kusafisha meno kwangu mpaka leo.)

Jumamosi mchana huwa sina wagonjwa. Njoo na plasta ya jino ulilochonga mwenyewe, lolote, usilichague lile zuri, tutaliskani kwenye mashine yangu ulione kwenye skrini likiwa kubwa kama bakuli, halafu ndo tuzungumze habari ya mkopo.