Gazi ya Kivu na mazuku, ni kitu kimoja?

SWALI: Yaya, habari ya kazi. Niko mama wa watoto watatu hapa Goma, tunakaa Keshero. Juzi mbuzi ya jirani ililala mu kashimo nyuma ya nyumba, asubuhi tukaikuta imekufa, hakuna kidonda hakuna damu, wazee wakasema ni mazuku. Sasa mtoto wangu ametoka ku masomo anasema ziwa letu limejaa metani na metani njo inapasha dunia joto. Ile metani njo mazuku? Na wakiitoa ili wafanye umeme si watazidisha joto?

JIBU: Mama, pole, na jirani umpe pole. Hapana, mazuku ni kaboni dioksidi yenye kutoka ardhini sababu ya volkano, ni nzito kuliko hewa basi inatambaa chini na kujaa mu mashimo, zaidi asubuhi kama hakuna upepo. Moto ukiushusha mle unazimika, na mtoto akiinama mle anazimika vilevile. Hilo shimo mulizungushie miti leo leo, tafadhali.

Metani yenyewe ni nyepesi, inapanda, na inashika moto. Ziwani ziko zote mbili, zimeyeyuka mu maji ya chini kabisa, metani kama kilometa za ujazo 60, na uzito wa maji ya juu unazizuia sawa na kifuniko cha chupa ya sukre. Ile kidogo yenye kupanda, vijidudu vinaikula karibu yote mbele ifike juu. Yenye kupasha dunia inatoka kwingine: ng'ombe anavyocheua na kubeua (ni kwa mdomo, si nyuma kama watu wanavyozani), mashamba ya mpunga, majalala, visima vya petroli. Hewani sasa iko zaidi ya mara mbili na nusu kuliko mbele ya viwanda. Kwa miaka 100 kilo moja inashika joto kama kilo 28 hivi za kaboni dioksidi, ila haikai sana, kama miaka 12 tu, njo maana tukiipunguza leo nafuu itaonekana tungali hai.

Sasa umeme. Kilo moja ya metani ukiichoma inaacha kaboni dioksidi isiyofika kilo 3. Joto inaongeza, siwezi kukudanganya, lakini kidogo sana kuliko kuiachilia hewani hivihivi, basi kazi kubwa ni mabomba yasivuje. Rwanda kule Karongi wanatoa megawati 26 tangu 2016 mu ziwa hilihili, na sisi huku mama bado anapuliza mbabula na makala ya miti ya Virunga, machozi yanamtoka. Hiyo inaniuma sana.