Fundi Anajibu: Nyuzi mpya, sauti ya kopo

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nimeifunga fidla yangu nyuzi mpya za bei, pamoja na daraja, kile kibao kinachozibeba nyuzi, nililolinunua likiwa tayari. Sauti imekuwa ya kopo, vidole vinauma, na nikipiga uzi wa D upinde unagusa wa A. Nitafute nyuzi nyengine?
Msomaji, Michenzani

JIBU: Waalaykum salaam. Nyuzi ziache, hazina kosa. Hilo daraja unaloliita tayari ndilo ambalo halijawa tayari. La dukani huuzwa refu, nene na lenye miguu bapa, ili fundi alichonge kwa fidla moja maalumu. Tumbo la fidla, yaani ubao wake wa juu, lina mbinuko wake. Mguu ukigusa kwa ukingo tu, mtikisiko wa uzi hauteremki vizuri kwenye tumbo, na hapo ndipo sauti inaponyauka.

Anza na miguu. Tandaza msasa laini, namba 240 hivi, juu ya tumbo pale pale daraja linapokaa, upande wa mchanga ukitazama juu, kisha uvute usikunjamane. Telezesha daraja mbele na nyuma huku limesimama wima. Likiyumba mkononi, miguu itaviringika kingo na kazi utairudia. Umalizie kwa kisu kikali, mpaka karatasi nyembamba isiweze kupenya chini ya mguu upande wowote.

Halafu mahali. Kila tundu la sauti lina vikato viwili vidogo katikati. Katikati ya miguu ya daraja ikae kwenye mstari unaounganisha vikato vya ndani. Kwa fidla ya mtu mzima, hapo ni takriban milimita 195 kutoka ukingo wa juu wa tumbo, na uzi unaotikisika unakuwa na urefu wa kama milimita 328. Angalia pia kushoto na kulia: nyuzi za G na E ziwe mbali sawa na kingo za ubao wa vidole, ule unaobonyezea nyuzi.

Vidole vinauma kwa sababu nyuzi zimepaa. Pima kwenye mwisho wa ubao wa vidole, upande wa daraja: nafasi chini ya E ya chuma iwe milimita 3.5 hivi, chini ya G 5.5. Upinde kugusa uzi wa jirani ni kosa jengine, kichwa cha daraja kimekuwa bapa. Kata kadi ngumu kwa duara la nusu kipenyo cha milimita 42, uitumie kuchora mpindo wake kabla ya kukata. Kutoka G hadi E juu ya daraja iwe milimita 33 au 34, na D na A uzigawe sawa hapo katikati. Kata kidogo kidogo, ufunge nyuzi, upime tena. Daraja likishakuwa fupi halina dawa.

Unene nao una hesabu yake: miguuni milimita 4.5, kichwani 1.3 hadi 1.5. Punguza uso wa mbele tu, ule unaotazama ubao wa vidole. Wa nyuma ubaki umenyooka. Vijia vya nyuzi viwe vya kina kidogo, uzi uzame theluthi moja tu, na uvipake risasi ya penseli. Uzi ukizama wote, unazibwa. E ni nyembamba na hula mbao kama msumeno, hivyo gundisha kipande kidogo cha ngozi nyembamba chini yake.

SWALI: Daraja langu limepinda kuelekea mbele. Nilipolegeza nyuzi zote ili nilinyooshe, nikasikia kitu kinagongagonga ndani. Na masika vigingi vya kukazia nyuzi vinakwama, ikifika kaskazi vinateleza.
Msomaji, Wete

JIBU: Kinachogonga ni kijiti cha ndani, na kabla ya jengine lolote usizikaze nyuzi. Kijiti hakigundishwi, hushikwa na mbano baina ya tumbo na mgongo. Husimama milimita 2 au 3 nyuma ya mguu wa daraja wa upande wa E. Nyuzi nne kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 20 na zaidi, na tumbo lisilo na kijiti linaweza kubonyea au kupasuka. Mpelekee fundi mwenye chuma chake cha kusimamishia. Siku nyengine badilisha uzi mmoja mmoja.

Daraja hupinda kwa sababu kila ukikaza kigingi, uzi huvuta kichwa chake kuelekea vigingini. Baada ya kutuni, shika kichwa kwa vidole vya mikono miwili ukirudishe taratibu, mpaka uso wa nyuma uwe wima juu ya tumbo.

Kuhusu vigingi, mbao hunywa unyevu wa masika zikavimba, kisha hukauka zikasinyaa. Kilichokwama usikitie koleo. Kisukume kutoka ncha yake nyembamba. Kitoe, paka sabuni ya mche iliyokauka kwenye sehemu zinazong'aa, juu yake chaki kidogo. Sabuni huzungusha, chaki hushika. Mafuta hapana.

SWALI: Seremala wetu anachonga milango. Anaweza kunichongea daraja la mvule?
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Mkono anao, mbao sizo. Daraja zuri huwa na gramu 2 na kitu tu, na huchongwa kwa mti wa mepo, mwepesi na mgumu kwa pamoja. Uzito ukizidi juu yake sauti hufifia; kile kidude cha kupachika darajani ili kuituliza fidla hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mnunulie la mepo lisilochongwa, umpe vipimo vya hapo juu.

SWALI: Napiga taarabu kwa tuni ya Kiarabu, G D G D badala ya G D A E. Nyuzi mbili za juu zimelegea.
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Umeshusha A na E hatua nzima moja ya sauti kila moja, na mvuto wake umepungua kama asilimia 20. Nunua E ya milimita 0.27 badala ya 0.26, na A ya aina nzito. Hapo utarudisha sehemu ya mvuto huo. Daraja usiliguse mpaka usikilize siku mbili tatu, nyuzi mpya zikishatulia.