Wadogo zangu wafasiri, "board" si ubao tu

"Half board" imerudi tena kwa wahariri ikiwa "nusu ubao". Jamani, hoteli ya Nungwi haiuzi mbao! Andikeni: chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kwa "full board" ongezeni cha mchana. Haya, tuanze upya.

1. Mzizi. Kiingereza cha kale kilikuwa na "bord" mbili zilizofanana hadi zikachanganyika: moja ubao, nyingine ukingo, hasa ubavu wa chombo. Ubao ukawekewa miguu ukawa meza, meza ikawa chakula kinacholiwa juu yake, ndipo shule ya bweni ikaitwa "boarding". Kisha jina likawahamia wanaoizunguka meza kujadili, nasi tukapata bodi. Ubavu wa chombo umebaki kwenye "starboard", upande wa kulia, kwa kuwa kasia la usukani lilifungwa huko.

2. FOB. Hapa ndipo panapouma, na kila kundi jipya linajikwaa palepale: "free on board" inaandikwa "bure ndani ya meli". Hiyo "free" si ukarimu wa muuzaji. Maana yake gharama zote hadi mzigo upakiwe melini ni zake. Baada ya hapo nauli na bima ni juu ya mnunuzi. Tuseme gari ni dola 3,000 FOB Yokohama, nauli 1,200, bima 50: CIF Dar es Salaam (yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi bandari hiyo) ni 4,250, na ushuru wa forodha hupigwa kwa CIF. Sasa mteja aliyesoma "bure" analipa 3,000 na kukaa akingoja meli, huku muuzaji akimngoja yeye alipe nauli. Gari limeganda Yokohama, simu za lawama zinapigwa, na karatasi ikifunuliwa, jina lililo chini ni la mfasiri. Andika "bei hadi mzigo upakiwe melini", acha kifupi FOB mbele yake kwa sababu wakala wa forodha atakitafuta, na usidondoshe jina la bandari. FOB bila bandari ni bei isiyo na mahali.

3. "Across the board" imetoka kwenye kamari ya mbio za farasi Marekani: dau sawa kwa farasi mmoja kushika nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu. Nyongeza ya mshahara ya namna hiyo ni ya wafanyakazi wote. Ukiandika "kwa bodi nzima", wafanyakazi watasoma kwamba wakurugenzi wamejiongezea, na mgomo huo utakuwa wako.

4. Tazama kitenzi kilicho jirani na "board" kabla hujafungua kamusi.

5. Sauti isiwadanganye kuhusu undugu. Fundi simu akisema bodi imeungua, hiyo ni ya "board". Fundi gari akisema bodi imeoza, hiyo ni ya "body", ukoo mwingine kabisa. Uliza kwanza ameshika bisibisi ndogo au mashine ya kuchomelea.