Usipulize mpira chini ya gari kabla bati halijakauka

Hiyo Jumamosi usipulize kitu. Umesema asubuhi Toyota Fielder yako itaoshwa, mchana uipulizie chini mpira mweusi, ile rangi nzito ya mkebe ya kukinga bati na kutu, Jumapili uondoke kwenda Kitui. Ukifanya hivyo, misimu miwili ya mvua haitapita kabla hujaanza kutafuta fundi wa kuchomelea.

Gari kutoka Japani, hasa lililotembea upande wa kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kufika Mombasa likiwa tayari na kutu kwenye mishono ya bati na matao ya magurudumu ya nyuma. Ukiishi Utawala, hapo Nairobi, unaliongezea udongo mweusi, ambao ukishaganda ndani ya tao hukaa na maji siku nyingi. Kutu inataka maji na hewa tu. Chumvi huitia mbio. Ukipaka mpira juu yake, vyote umevifungia ndani. Chini patapendeza, peusi na laini, huku bati likiendelea kulika usikoona. Siku jiwe litakapochana huo mpira, maji yataingia na kutambaa kati yake na bati, na hayatakuwa na pa kutokea. Fielder haina chesisi, yaani fremu ya kulibeba gari, ya peke yake; bodi ndiyo chesisi. Paneli za chini ya milango zikioza, hata jeki haina pa kukamata.

Huyo muuza vipuri aliyekuambia "puliza tu, hii inakula kutu" anauza mikebe, habadilishi bati. Mpira hauli kutu! Kinachoigeuza ni dawa yenye asidi ya fosforasi, nayo hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyokwisha kukwanguliwa, haiwezi magamba mazito ya kutu. Inaniudhi sana kuona watu wakiuziwa uongo huu kila msimu wa mvua ukikaribia.

Osha kwanza kwa maji na sabuni ya kuondoa grisi, ukichokonoa tope lililo nyuma ya plastiki za matao. Hizo plastiki zitoe kabisa. Kisha acha gari likauke siku mbili za jua. Kompresa ya kupulizia hewa kwenye mishono itasaidia, lakini haifuti hizo siku mbili. Gonga bati kwa mpini wa bisibisi: panapotoa sauti ya kufa au panapobonyea, weka mkebe chini umwite fundi wa bodi. Palipo pazima, kwangua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, piga msasa namba 80 kisha 120, futa kwa tapentaini, paka dawa ya kutu na uiache muda ulioandikwa kwenye chupa. Fuata na praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia. Ikikauka ndipo mpira, tabaka mbili au tatu nyembamba, ukishika mkebe kama sentimita 25 kutoka kwenye bati. Tabaka moja nene hukauka juu tu, ndani ikabaki laini.

Kabla ya kupuliza, funika kwa gazeti na selotepu ya karatasi: ekzosi yote, diski na kalipa za breki, shoku, bushi, sensa na nyaya zake. Mpira kwenye ekzosi utatoa moshi na unaweza kushika moto. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango yaache wazi. Ukiyaziba, paneli inageuka tangi. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake, na uvae barakoa yenye chujio la kaboni. Ile ya kitambaa haizuii mvuke wa tina (thinner) unaotoka kwenye mkebe.

Kuosha baadaye: wiki ya kwanza usipeleke maji ya presha huko chini. Halafu waambie vijana wa kuosha wasikupulizie mafuta ya taa wala dizeli ili pang'ae. Mafuta hayo hulainisha mpira, ukaanza kubanduka kwenye kingo, na maji yakapata njia. Sabuni ya gari na maji ya kawaida yanatosha, ukikaguakagua kingo kila baada ya mvua za Machi hadi Mei.

Safari ya Kitui nenda na gari likiwa hivyo hivyo, bila mpira. Ukirudi toa plastiki za matao ya nyuma, piga picha uziweke hapa, tuone kama kuna bati la kupulizia au la kuchomelea.