Nafsi, roho na jina la Adamu

SWALI: Mwanzo 2:7 inasema mtu "akawa nafsi hai", lakini Mathayo 10:28 inataja "mwili na roho". Je, nafsi na roho ni kitu kimoja? Na tuseme Roho wa Mungu au Roho ya Mungu?

JIBU: Si kitu kimoja. Tatizo ni kwamba Biblia ya Union ya 1952, ambayo ndiyo unayoinukuu, haikuyatenga maneno haya mawili kila mahali.

Yote mawili tuliyapata kwa Waarabu: nafs na ruh. Kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu, nafs ni pacha wa nefesh na ruh ni pacha wa ruach, maneno yenyewe ya Agano la Kale. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na vyombo vinavyofaa kabisa tangu mwanzo.

Nefesh ni kiumbe kinachopumua, uhai wake, yeye mwenyewe. Soma tena Mwanzo 2:7 polepole: mtu hakupewa nafsi, alikuwa nafsi. Mavumbi yakatiwa pumzi, na matokeo yake yakaitwa nafsi hai. Katika Mwanzo 1:20 na 1:24 Kiebrania kinatumia maneno hayo hayo kwa viumbe vya majini na wanyama wa nchi kavu. Maana hii ya "mtu mwenyewe" bado ipo kwetu tunaposema binafsi, au mwalimu wa sarufi anapotaja nafsi ya kwanza.

Aya hiyo ina jambo jingine ambalo tafsiri haiwezi kulibeba. Kiebrania kinasema adam alifanywa kutoka adama, yaani ardhi. Mtu na udongo wake vinasikika kama neno moja. Tena adam ni "mtu" na ni jina pia, hivyo mfasiri hana budi kuchagua wapi aandike "mtu" na wapi "Adamu". Kiswahili kimelihifadhi jina hilo kwa njia yake: binadamu ni bin Adam, na mwanadamu ni mwana wa Adamu.

Nefesh wakati mwingine ni koo. Ndiyo maana Zaburi 69:1 inalia kwamba maji yamefika "mpaka nafsini mwangu": mtu anazama, maji yamemfika kooni. Aliyezoea msemo wa kukaba roho, yaani kumkaba mtu koo, hatashangaa.

Agano Jipya ndipo penye ugumu. Kigiriki kina psyche kwa nefesh, na pneuma kwa ruach. Union imeifasiri psyche kwa maneno mengi: nafsi (Marko 8:36), roho (Mathayo 10:28), moyo (Luka 1:46, "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana"), uhai (Yohana 15:13), maisha (Mathayo 6:25), hata watu: wale 276 waliokuwa merikebuni katika Matendo 27:37 ni psyche 276. Mengi kati ya hayo ni uamuzi mzuri, maana neno moja lisingefaa pote. Lakini linganisha Waebrania 4:12 na 1 Wathesalonike 5:23. Katika ya kwanza "nafsi na roho" ni psyche na pneuma. Katika ya pili Kigiriki kinaanza na pneuma, nayo Union inaanza na "nafsi zenu", ndipo "roho zenu". Maneno yamebadilishana nafasi. Anayejenga fundisho la sehemu tatu za mwanadamu juu ya Kiswahili peke yake atakuwa ameziita sehemu hizo kwa majina yaliyopishana bila kujua. Ezekieli 18:4 nayo inasema "roho ile itendayo dhambi itakufa", ingawa neno la asili ni nefesh, yaani mtu huyo mwenyewe.

Kwa hiyo unapoandika somo, tafuta kwanza neno la asili katika aya husika. Likiwa nefesh au psyche, jaribu "nafsi", kisha "uhai", kisha "mtu", uone lipi linakaa vizuri katika sentensi. "Roho" iachie ruach na pneuma.

Kuhusu upatanisho wa sarufi: roho kama pumzi, nguvu au sehemu ya mtu hufuata ngeli ya i-zi: roho yangu, roho zetu. Ikitajwa kama nafsi ya Mungu, hufuata a-wa: Roho Mtakatifu alishuka, "Roho wa Bwana yu juu yangu" (Luka 4:18). Mwanzo 1:2 inasema "Roho ya Mungu ikatulia", na si kosa la uchapaji, kwani ruach pale huweza kusomwa pia kuwa pumzi au upepo. Katika sala na mahubiri andika Roho wa Mungu. Ukinukuu Mwanzo 1:2, nukuu kama ilivyo.

Pneuma chafu zinazotolewa na Yesu, Union inaziita pepo. Hapo neno letu la Kibantu limefanya kazi ile ile ya ruach: upepo na pepo vimetoka shina moja.