Kwa Unayeanza Riwaya: Soma na Daftari Mkononi

Mimi niko Wete, Pemba. Mchana nasomesha, na baada ya sala ya alfajiri naandika riwaya yangu ya kwanza. Haijachapishwa, kwa hiyo haya usiyachukue kama fatwa. Ila rasimu ya pili imepita nusu, na vijana wanaoandika hapa mtaani hunisimamisha kuniuliza ninasoma nini na ninakwendaje. Nawajibu kwa pamoja.

Anza na vya nyumbani. Wengi wanaoanza hukimbilia vitabu vya kufundisha uandishi, na visiwa hivi vimejaa mabingwa ambao kitabu cha kila mmoja wao ni darasa. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Wakaja Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed, na Shafi Adam Shafi. Kama hujawasoma hawa, sijui unaharakia wapi.

Kisome kitabu mara mbili. Mara ya kwanza kiachie kikuchukue. Mara ya pili kaa na daftari na swali moja tu, usiongeze la pili. Niliporudia Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1979, swali langu lilikuwa hili: mwandishi anauingizaje mgomo wa makuli wa 1948 bila ya kutusomesha tarikhi? Nikafuatisha kurasa. Jibu ni kwamba anatuweka kwanza na Rashidi, na mzigo wa bandarini, na ujira usiotosha. Mgomo unapofika, msomaji ameshakasirika mwenyewe. Hahitaji kuelezwa.

Kwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, niliuliza swali jengine: msomaji anafichwa vipi asijione amedanganywa? Najum, yule sahibu yake, anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Anaona anayoyaona Bwana Msa, lakini hafikiri kama yeye, nasi tunakosea pamoja naye. Tangu hapo kila sura ninayoandika najiuliza nani ndani yake hajui jambo ambalo mwenzake analijua. Kama wote wanajua sawasawa, mazungumzo yao hulala.

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel 2021 watu wengi huku walikuwa hawajamsoma, kwa sababu anaandika Kiingereza. Sasa Paradise, riwaya yake ya 1994, ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Isome kwa ajili ya Yusuf. Mtoto anachukuliwa na tajiri kwa deni la babake, naye anadhani anakwenda kutembea na ami yake. Msomaji anafahamu kabla ya mtoto, na uchungu wote umo katika nafasi hiyo. Mimi nina sura moja inayosimuliwa kwa macho ya msichana mdogo, na baada ya Peponi nilimfutia karibu kila sentensi iliyokuwa na akili ya mtu mzima.

Sasa kuandika. Riwaya yangu inahusu nyumba moja ya wakulima wa karafuu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kila mtu Pemba anajua karafuu, na ndiyo maana ni ngumu kuziandika. Ukisema "walichuma karafuu" msomaji wa hapa haoni kitu, na wa Bara haoni kitu pia. Kaa na waliofanya kazi. Usiwaulize maisha yalikuwaje, maana utajibiwa "tulikuwa tunapata tabu, mwanangu," basi. Waulize juu ya mikono: kamba ilifungwa wapi, nani alipanda tawi jembamba, mvua ikija majamvi yaliyoanikwa yalikunjwa na nani. Mzee mmoja nilimuuliza swali hilo la mvua, akazungumza mpaka adhuhuri.

Faida kubwa niliyoipata ni kuchambua. Jioni karafuu zikishafika nyumbani lazima zitenganishwe na makonyo yake, yaani vijiti vinavyozishika, watu wamekaa chini, mikono inakwenda, macho yako kwenye chungu la karafuu. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kwa mwandishi hiyo ni neema, kwa sababu ndipo yanaposemwa maneno ambayo ana kwa ana hayasemeki. Posa inakataliwa pale, deni linatajwa pale. Kazi ya watu wako, iwe uvuvi au ushoni, ina wakati wake kama huo. Utafute kabla hujapanga sura.

Kuhusu lahaja, rai yangu ni hii: msimuliaji wangu anasema Kiswahili fasaha, watu wangu wanasema kama wanavyosema. Bibi atasema "kaja" na "kenda", na sitamsahihisha. Lakini sijazi kila mstari, maana msomaji akianza kusoma herufi kwa herufi ameshatoka kwenye hadithi. Ninapobabaika juu ya neno la huku nafungua Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar.

Saa za kuandika panga mwenyewe. Mimi daftari na kalamu asubuhi, kompyuta usiku umeme ukiwepo. Usihariri ulichoandika jana. Soma aya ya mwisho tu, uendelee.

Tuzo zipo. Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili, na Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma. Ila mswada usipelekwe popote kabla haujasomwa na mtu asiyekuonea haya. Wangu nimempa dada mmoja muuza duka, mpenzi wa riwaya, asiyeandika hata barua. Sikumuuliza kama ni nzuri. Nilimwomba akunje pembe ya ukurasa kila alipoweka kitabu chini, na sasa ninashughulika na kurasa hizo.